Kukuza gegedu ya goti ndani ya bayoriakta: ya kujua kabla hujawasha pampu

Gegedu, ile tishu nyeupe laini inayofunika ncha za mifupa kwenye maungio, ikishaharibika hairudi. Mwaka 1743 daktari William Hunter aliliandika hilo London, na hadi leo hakuna aliyeweza kumpinga. Sababu iko kwenye maumbile yenyewe. Gegedu haina mishipa ya damu wala neva, na seli zake ni chache mno: asilimia 1 hadi 5 tu ya ujazo wake, kila moja imefungiwa kwenye kijumba chake ndani ya kolajeni na maji. Ngozi ikikatika, damu huleta seli za kuziba pengo. Gegedu ikimeguka, hakuna kinacholetwa. Pengo hubaki, kingo zake huanza kulika, na miaka kadhaa baadaye mtu anapanda ngazi kwa kushikilia ukuta.

Ndiyo maana watu wamekubali kazi ngumu ya kuikuza nje ya mwili. Huko Gothenburg, Uswidi, Lars Peterson na Mats Brittberg walianza mwaka 1987 kuchukua kipande kidogo cha gegedu ya mgonjwa, kuzizalisha seli zake maabara, kisha kuzirudisha gotini. Matokeo ya wagonjwa 23 wa kwanza yalichapishwa mwaka 1994. Wao walirudisha seli zikiwa kwenye majimaji. Kinachofanyika sasa ni kwenda hatua moja zaidi: kurudisha tishu iliyokwisha kushikana, ambayo seli zake tayari zimejijengea nyumba. Bayoriakta, yaani chombo cha kukuzia tishu nje ya mwili, imeingia hapo.

Anayeanza kazi hii huwa macho yake yako kwenye mashine: pampu, vyumba vya chuma, kompyuta inayoendesha mota. Ni rahisi kusahau kwamba mashine haitengenezi gegedu hata chembe. Seli ndizo zinazotengeneza. Kazi ya bayoriakta ni kuzilisha bila kuziumiza, na baadaye kuzisukuma pale zinapokuwa tayari kusukumwa. Majaribio mengi yanayohesabiwa kuwa yameshindwa ndani ya bayoriakta yalikwisha shindwa mapema, siku ya kwanza, mezani.

Anza na goti la ndama. Karibu kila maabara ya fani hii hujifunzia hapo, kwa sababu goti moja hutoa seli zaidi ya milioni 100, nazo ni changa na zina nguvu. Lichukue machinjioni likiwa zima, kifuko chake hakijapasuliwa, liwekwe kwenye barafu na lifunguliwe ndani ya saa 24. Kifuko kikishapasuliwa na mchinjaji, bakteria wameshaingia, na hakuna dawa itakayokuhakikishia usalama. Osha ngozi ya nje kwa ethanoli ya asilimia 70, badilisha glavu, kisha badilisha kisu kabla ya kuingia ndani. Ukifungua unaona ute mzito unaovutika kama uzi, na chini yake gegedu nyeupe yenye ubuluu kidogo, inayong'aa. Ukipitisha kisu kwa mlalo kinateleza kwa upinzani sawasawa kila mahali. Ukisikia mkwaruzo, umefika kwenye mfupa. Rangi ya waridi nayo ni onyo, kwa kuwa ndama bado anakua na sehemu ya chini ya gegedu yake iko njiani kugeuka mfupa, tayari ina mishipa ya damu. Seli za huko ukizichanganya na za juu, wiki ya nne utapata tishu yenye madoa ya chokaa na hutajua yametoka wapi.

Kata vipande vya milimita 1 hadi 2 na uviweke kwenye kolajenesi, kimeng'enya kinachoyeyusha kolajeni, usiku kucha kwa nyuzi joto 37, vikitikiswa polepole. Tahadhari kubwa hapa ni kipimo. Chupa moja ya kolajenesi hutofautiana na nyingine hata kama jina na namba ya bidhaa ni zile zile, kwa hiyo usipime kwa uzito. Pima kwa yuniti za nguvu zilizoandikwa kwenye cheti cha chupa hiyo, kisha jaribu chupa mpya kwa gramu moja ya gegedu kabla ya kuitegemea. Ikiwa kali mno, seli hutoka zimekwanguliwa utando wake na hufa kimya kimya siku mbili baadaye. Ikiwa dhaifu, asubuhi unakuta vipande vimelainika tu, na mtu mwenye haraka huongeza saa sita, ambazo nazo zinaua. Chuja kwa chujio la maikromita 70, zungusha kwenye sentrifuji ili seli zitue chini, osha mara mbili au tatu, hesabu kwa tripani bluu, rangi inayoingia kwenye seli zilizokufa tu. Seli hai zikiwa chini ya asilimia 85, tupa. Inauma kutupa kazi ya siku nzima, lakini inauma zaidi kutupa wiki nane.

Usiziache seli hizo zitambae kwenye flaski bila sababu. Seli ya gegedu ikilala juu ya plastiki bapa hunyooka, hugawanyika, na kila inapogawanyika hujisahau: huacha kutengeneza kolajeni aina ya 2, ambayo ndiyo ya gegedu, na kuanza kutengeneza aina ya 1, ya ngozi na makovu. Za ndama hazihitaji kuzalishwa, zitie moja kwa moja kwenye kiunzi, yaani kitu cha kuzishikilia zikijenga tishu. Za binadamu hazina budi, kwa sababu kipande anachotoa daktari huwa ni miligramu 200 hadi 300 tu. Kwa hizo, wazalishaji hutumia vichocheo kama TGF-β1 na FGF-2 ili seli zigawanyike upesi huku zikibaki na uwezo wa kukumbuka, na huacha kuzigawa mapema iwezekanavyo.

Kwa kiunzi, mwanafunzi na aanze na agarosi, jeli itokanayo na mwani. Haiwekwi kwenye goti la mtu, ila inafundisha, kwa sababu ni safi, haivutiki na seli, na chochote kinachoongezeka ndani yake kimetengenezwa na seli zako. Tumia agarosi inayoganda kwa joto la chini. Iyeyushe na kuitakasa ikiwa ya asilimia 4, iache ipoe hadi karibu nyuzi 40, kisha changanya nusu kwa nusu na seli zilizo milioni 60 kwa mililita. Unapata agarosi ya asilimia 2 yenye seli milioni 30 kwa mililita. Imimine kati ya vioo viwili vilivyotenganishwa kwa milimita 2.3, subiri dakika 20 igande, toboa visahani vya kipenyo cha milimita 4. Kila kisahani kina takriban maikrolita 29, yaani seli karibu 870,000. Fanya hesabu hiyo kabla ya kumchukua ndama wa watu, ujue unahitaji visahani vingapi pamoja na vile vya kupima na vya kulinganishia, kisha ongeza robo.

Makosa ya hatua hii ni mawili. La kwanza ni joto: agarosi ikizidi nyuzi 42 hivi, seli zinaanza kufa, na kipimajoto cha maji ya nje hakikuambii joto la ndani ya chupa. La pili ni uzembe wa kuchanganya. Ukichelewa, seli zinazama na kila kisahani kinakuwa na upande mnene na upande mtupu. Ukikoroga kwa nguvu, unaingiza mapovu, na kila povu ni shimo ambalo halitajazwa.

Sasa chakula. Wengi hutumia DMEM, majimaji ya kukuzia seli, yenye glukosi gramu 4.5 kwa lita, bila seramu ya damu ya ndama, pamoja na mchanganyiko wa insulini, transferini na seleniamu wa asilimia 1, deksamethasoni nanomola 100, prolini, piruveti, vitamini C maikrogramu 50 kwa mililita, na kichocheo cha TGF-β3 nanogramu 10 kwa mililita. Vitamini C ya kawaida huharibika ndani ya siku moja kwenye joto la nyuzi 37. Tumia ile iliyounganishwa na fosfeti, la sivyo ongeza mpya kila unapobadilisha chakula. Bila vitamini C kolajeni haisukiki vizuri, na hutaligundua hilo hadi siku ya kupima nguvu.

TGF-β3 ndiyo itakayokula fedha zako. Visahani 20 kwenye mililita 30, vikibadilishiwa chakula mara tatu kwa wiki, vinatumia nanogramu 900 kila wiki. Inaonekana kidogo mpaka uone bei ya maikrogramu moja. Isitoshe, protini hii hung'ang'ania plastiki na kioo, kwa hiyo ukiiyeyusha bila albumini sehemu yake kubwa inabaki kwenye kuta za kichupa. Igawe kwenye vichupa vya matumizi ya mara moja na uigandishe. Kuiyeyusha na kuigandisha tena ni kuiua. Habari njema ni kwamba huihitaji wiki zote nane. Maabara ya Clark Hung na Gerard Ateshian katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ilionyesha kwamba visahani vilivyopewa TGF-β3 wiki mbili za mwanzo, kisha vikanyimwa, vilikuja kuwa na nguvu kuliko vilivyopewa muda wote. Seli zinahitaji kuamshwa, baada ya hapo zinajua kazi.

Ndipo tufike kwenye mashine. Aina yake ichague kwa kujiuliza tatizo lako ni lipi. Kama ni kuingiza seli kwenye kiunzi chenye matundu, pampu inayosukuma majimaji mbele na nyuma kupitia kiunzi hufanya kazi nzuri kuliko kudondoshea kwa pipeti, kwa sababu seli hupenya hadi katikati. Kikundi cha Basel, Uswisi, kilionyesha hivyo mwaka 2003. Kama tatizo ni kulisha tishu nene, unahitaji mtiririko. Flaski yenye kijiti kinachozunguka inalisha vizuri, ila maji yake yana vurugu, na seli za pembeni hujikinga kwa kujenga ganda la nyuzinyuzi lenye kolajeni aina ya 1. Chombo kinachozunguka chenyewe, kilichobuniwa na wahandisi wa NASA, kina mtiririko mpole zaidi. Lisa Freed, Gordana Vunjak-Novakovic na Robert Langer wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, walikitumia kukuza gegedu miezi mitatu duniani, kisha sehemu ikapelekwa kituo cha anga cha Mir mwaka 1996 na kukaa huko miezi minne. Iliyorudi kutoka angani ilikuwa hai, lakini ndogo zaidi, ya mviringo, na dhaifu kuliko ile iliyobaki ardhini. Jaribio hilo lina funzo kubwa: gegedu isiyobebeshwa uzito hukua legelege.

Mashine ya mtiririko haiharibiki kwa namna ya kushangaza. Inaharibika kwenye maungio ya mipira, na kwa mapovu. Chakula kilichotoka kwenye friji kina gesi nyingi iliyoyeyuka. Kikifika nyuzi 37 gesi hiyo inatoka, povu linajikita mbele ya tishu, na mtiririko unapita pembeni. Kwa nje pampu inazunguka kama kawaida, huku ndani tishu inakufa njaa. Kiweke chakula kwenye inkubeta saa kadhaa kifuniko kikiwa kimelegezwa, na uweke mtego wa mapovu kabla ya chumba cha tishu, siyo baada yake. Kipande cha mpira kinachominywa na pampu huchoka, kisogeze kila wiki kabla hakijapasuka. Mpira wa silikoni unapitisha oksijeni, jambo zuri, lakini unapitisha na mvuke pia, kwa hiyo maji hupungua na chumvi huongezeka. Pima uzito wa chupa kila siku, maana upungufu wa gramu chache utauona kwenye mizani kabla hujauona kwenye seli. Tandika karatasi nyeupe kavu chini ya kila ungio. Chakula kina rangi nyekundu, na tone moja usiku linajionyesha asubuhi.

Rangi hiyo hiyo ndiyo saa yako. Nyekundu ni salama, rangi ya machungwa inakuambia ubadilishe leo, na njano inamaanisha asidi imezidi na umechelewa. Ikiwa njano imekuja ghafla katika chumba kimoja pekee, usifikirie kwanza kwamba seli zimechangamka. Fikiria bakteria. Mikoplazma, bakteria wadogo mno wasio na ukuta, ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa haibadilishi rangi, haionekani kwa hadubini ya kawaida, na antibiotiki zinazotiwa kwenye chakula hazitoshi kuiua. Ipime kwa PCR, kipimo cha kutafuta DNA yake, kila mwezi, na kila seli zinapoingia kutoka nje.

Kubana ndiyo hatua inayosubiriwa kwa hamu, na inaharibiwa kwa hamu hiyo hiyo. Mwaka 2000 Robert Mauck na wenzake wa Columbia walionyesha kwamba visahani vya agarosi vikibanwa asilimia 10 ya unene wake, mara moja kwa sekunde, saa tatu kwa siku, siku tano kwa wiki, baada ya wiki nne vilikuwa na ugumu wa takriban mara sita ya vile vilivyoachwa kuelea. Kila mtu akataka kubana tangu siku ya kwanza. Lakini mwaka 2007 maabara hiyo hiyo ikaonyesha jambo lingine: ukibana huku TGF-β3 bado iko kwenye chakula, faida haionekani, hata inaweza kurudi nyuma. Waliosubiri wiki mbili za kichocheo ziishe, ndipo wakaanza kubana, walipata gegedu ngumu kuliko zote. Inaeleweka. Siku za mwanzo seli iko uchi ndani ya agarosi. Baada ya wiki mbili imejifunika koti la protini na sukari, na mbano unaifikia kupitia koti hilo, kama inavyotokea gotini.

Saa tatu kwa mdundo mmoja kila sekunde ni mizunguko 10,800 kwa siku. Hapo ubora wa ufundi unajionyesha. Asilimia 10 ya milimita 2.3 ni milimita 0.23. Bamba lako likiwa limeinama kwa milimita 0.1, upande mmoja unabanwa karibu mara mbili ya mwingine. Visahani navyo hunenepa kadiri vinavyokomaa. Mahali bamba lilipogusa wiki ya kwanza si mahali litakapogusa wiki ya tatu, na ukiacha mpangilio wa zamani unabana zaidi ya ulivyokusudia bila kujua. Pima unene na utafute upya sehemu ya mguso kila kabla ya kubana. Tumia chuma cha pua cha daraja la 316 au plastiki inayostahimili mvuke wa kutakasa, kwani chakula ni maji ya chumvi na inkubeta ni unyevu mtupu. Chuma duni kinapata kutu ndani ya wiki. Mota nayo ikae nje ya inkubeta kama inawezekana. Ikikaa ndani inaongeza joto, na unyevu unaiua.

Wiki ya tatu huwa ngumu kwa moyo. Umetumia fedha, umekosa mapumziko ya mwisho wa wiki, na vipimo bado ni vya kukatisha tamaa. Agarosi tupu ya asilimia 2 ina ugumu wa takriban kilopaskali 5 hadi 15, na gegedu halisi iko kwenye mamia ya kilopaskali, hivyo namba ya wiki ya pili huonekana kama hakuna kilichofanyika. Tazama kisahani chenyewe. Siku ya kwanza ukikiweka juu ya karatasi iliyoandikwa, unasoma herufi chini yake. Kadiri wiki zinavyopita kinakuwa na ukungu, kisha cheupe kabisa kama yai lililochemka. Ukikishika kwa kibano kinarudisha msukumo, hakibonyei tena kama mwanzo. Kikiwa cheupe pembeni na kwenye kati kimebaki na uwazi, chakula hakifiki ndani: punguza unene, ongeza ujazo wa chakula, au kikoroge.

Pima vitu vitatu vikiwa pamoja, maana kimoja peke yake hudanganya. GAG, zile sukari ndefu zinazoshika maji, pima kwa rangi ya DMMB baada ya kuyeyusha tishu kwa kimeng'enya cha papeini. Kolajeni pima kupitia haidroksiprolini, asidi ya amino iliyo nyingi ndani yake. DNA pima ili ujue seli zimebaki ngapi. Pima na GAG iliyomwagikia kwenye chakula kila unapobadilisha. Katika mashine za mtiririko kiasi kikubwa huoshwa na kutupwa pamoja na maji machafu, na mtu husema seli hazitengenezi kitu kumbe zinatengeneza mchana na usiku. Utaona GAG inaweza kufikia kiwango cha gegedu ya asili huku kolajeni ikibaki nyuma, mara nyingi chini ya nusu. Tishu ya namna hiyo huvimba, na hustahimili mbano kuliko mvuto. Usiitangaze kuwa imekomaa kwa kipimo cha mbano peke yake.

Kwa binadamu, njia iliyokwenda mbali ni ya Basel, chini ya Ivan Martin na wenzake. Hawachukui seli gotini, wanazichukua puani: kipande cha kipenyo cha milimita 6 kutoka kwenye gegedu inayogawa pua. Seli hizo huzaliana vizuri hata kwa watu wazima, na zinazoea mazingira ya goti. Wiki mbili za kuzalisha, wiki mbili za kukuza juu ya utando wa kolajeni, na linapatikana bapa la milimita 30 kwa 40, unene wa milimita 2, ambalo daktari hulikata kulingana na jeraha. Matokeo ya wagonjwa 10 wa kwanza yalichapishwa mwaka 2016. Utafiti uliofuata, wa hospitali za nchi kadhaa, ulilinganisha tishu iliyokuzwa siku mbili tu na iliyokuzwa wiki mbili, na wagonjwa waliopata iliyokomaa zaidi walipata nafuu kubwa zaidi. Wanaosema ukuzaji wa maabara ni gharama ya bure wana jibu lao hapo.

Kinachobaki kigumu ni kingo. Gegedu mpya ikipandikizwa hukaa vizuri katikati, lakini kuungana kwake na gegedu ya zamani pembeni huchukua muda mrefu na mara nyingine hakutokei. Sehemu ya lawama iko kwenye ukataji: kitobozi butu huua seli kwenye ukingo, na seli zilizokufa haziungi chochote. Kata kwa wembe mpya, wima, bila kupindisha. Na kabla hujampelekea daktari chochote, jaribu maabara. Toboa pete kwenye gegedu ya ndama, ingiza kisahani chako ndani yake kikiwa kimebana kidogo, kikuze humo wiki nne au zaidi, kisha kisukume kutoka na upime nguvu iliyohitajika. Namba hiyo iandike kando ya ile ya ugumu, na ukibadilisha chochote kwenye chakula au kwenye mbano, zipime zote mbili upya.